Miguu na Mikono ya Jeshi: Kumkumbuka Baba

Arobaini ya baba ilisomwa wiki iliyopita. Turubai limerudishwa, masufuria ya kuazima yamerejea kwa wenyewe, wageni wa Rufiji wamepanda mabasi yao pale Rangi Tatu, na nyumba yetu ya Mbagala Kuu imebaki na ukimya ambao hatujauzoea. Nimekaa barazani, kwenye kiti chake, nikiandika haya kwa sababu kipindi chote cha msiba niliwasikia watu wakimtaja baba kuwa mpiganaji wa Vita vya Kagera na mmoja wa waliomtoa Amin. Kila niliposikia hivyo nilitaka kusema kwamba ni kweli alikuwako vitani tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kazi yake haikuwa ya kufyatua risasi, na yeye mwenyewe asingependa azikwe na sifa ya mtu mwingine. Baba alikuwa mbebaji. Alikuwa askari wa uhandisi, na vita vyake alivipigana kwa mabega, mgongo na mikono miwili, tena mkono mmoja ulirudi nyumbani na upungufu.

Mtaani aliitwa Mzee Koplo. Alistaafu akiwa sajenti, na miaka ya mwanzo mama alijitahidi kuwasahihisha majirani, lakini jina lilikuwa limekwisha kumganda, naye hakuona sababu ya kugombania cheo na watoto waliokuwa wakikimbilia kumpokea kikapu alipotoka sokoni. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mpole wa sauti. Ukimuuliza habari za vita alikuuliza kama umeshakula, na ukisema bado, mazungumzo yaliishia hapo.

Alizaliwa mwaka 1953 katika kijiji cha ukingoni mwa Mto Rufiji, upande wa Utete, akakulia ndani ya mitumbwi. Mto huo ulipofurika mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vipya vya sehemu za juu, na baba, akiwa kijana wa miaka 15, alishiriki kuibomoa nyumba ya babu na kuihamisha boriti kwa boriti, mlango kwa mlango, kwa sababu babu alikataa kuiacha miti aliyoichagua mwenyewe msituni. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kwamba kitu kizito hubebeka kikipata watu wanaosikilizana. Alipomaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, akachukuliwa na Jeshi la Wananchi, JWTZ, mwaka 1974, jeshi ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu, na walipoulizwa nani anajua maji, mtoto wa Rufiji alinyoosha mkono. Akapelekwa kwa wajenzi wa madaraja.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe na mali za watu na kuwafukuza maelfu kutoka makwao, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyoko kaskazini ya Mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, baba alikuwa kambini na wenzake wameizunguka redio moja. Alitusimulia kwamba hakuna aliyepiga makofi. Kila mmoja aliondoka kimya kwenda kukunja vitu vyake. Walisafiri kwa Reli ya Kati hadi Mwanza, wakavuka ziwa hadi Bukoba, na walipofika Kyaka wakakuta lile daraja ambalo watu wote wa eneo hilo walilitegemea kuvuka mto limelipuliwa na adui. Ng'ambo ya pili kulikuwa na Watanzania waliokuwa wakisubiri, wazima na maiti, na jeshi zima, pamoja na wanamgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT waliokuwa wakiendelea kumiminika, lilikuwa limesimama mbele ya maji.

Hapa ndipo baba alipokuwa akifunguka, kama mtu alijua kuuliza. Ukimuuliza juu ya kupigana alinyamaza, lakini ukimuuliza juu ya daraja alisogeza kikombe cha chai, akachukua njiti za kiberiti na kuanza kupanga. Daraja la chuma la aina ya Bailey, lililobuniwa na Mwingereza mmoja wakati wa Vita Kuu ya Pili, hubebwa likiwa vipande na kuunganishwa palepale mtoni bila kuhitaji winchi. Kipande kimoja cha ubavuni kina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, na huinuliwa na watu sita, watatu kila upande, ambao hupitisha nguzo fupi chini yake ili kila mmoja apate pa kushika. Vipande hushikanishwa kwa pini za chuma zinazopigwa kwa nyundo, na daraja zima husukumwa taratibu juu ya magurudumu hadi pua yake ifike ng'ambo. Alivyokuwa akieleza, ungedhani anaeleza namna ya kupika pilau, yaani kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na ukikosea wapi kila kitu kinaharibika.

Walijenga usiku, bila taa, kwa kunong'ona. Kiongozi wa kila kundi la watu sita aliuliza, "Tayari?" na watano wakajibu, "Tayari." Akasema, "Nyanyua." Hakuna aliyeruhusiwa kunyanyua kabla ya neno hilo, wala kuachia kabla ya kusikia, "Shusha." Mtu mmoja akitangulia kwa nusu nukta, mzigo wote humwangukia mwenzake. "Bunduki kila mtu ana yake," alikuwa akituambia, "lakini kipande cha daraja hakina mwenyewe."

Katika usiku mmojawapo mtu mmoja aliteleza kwenye tope, kipande kikakaa vibaya, na kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa baba kikabaki katikati ya chuma na chuma. Nakijua kidole kile kuliko ninavyovijua vidole vyangu. Kilikuwa kifupi kuliko vingine kwa kama nusu pingili, ncha yake bapa kama kijiko, na ukucha wake uliota mnene, wa manjano, umepasuka katikati kama punje ya kahawa. Wembe wa kawaida haukuukata. Katika mwaka wake wa mwisho kazi ya kumkata kucha ilikuwa yangu, na ukucha ule niliuloweka kwanza katika maji ya uvuguvugu, halafu nikausugua kwa msasa kidogo kidogo huku akiangalia pembeni. Nilimuuliza siku hiyo aliyeteleza alikuwa nani. Akasema, "Alikuwa amechoka," na hakuongeza neno.

Jeshi lilivuka, Kagera ikakombolewa, na mwanzoni mwa mwaka 1979 vita vikahamia ndani ya Uganda, Mutukula kwanza, halafu Masaka mwezi Februari. Kuhusu Masaka baba alisema jambo moja tu maishani mwake. Mji ule ulibomolewa na wanajeshi wetu baada ya kutekwa, kulipiza yaliyofanywa Kagera, na baba, ambaye kazi yake ilikuwa kujenga, alituambia kwamba alipita katika mitaa ile akiona aibu. Sisi watoto tulikuwa tumezoea kusikia habari za ushindi peke yake shuleni, na kaka yangu akabisha kwamba walistahili. Baba akamuuliza, "Nani? Mwenye duka?" Naliandika hili kwa sababu ni sehemu ya ukweli wake, na kwa sababu kumpenda mtu aliyepigania nchi yako hakukulazimishi kufuta aliyoyajutia.

Yaliyotokea Lukaya mwezi Machi sikuyasikia kwake kabisa. Niliyasikia siku ya arobaini, kutoka kwa mzee mmoja aliyetoka Kigamboni kwa fimbo, ambaye walikuwa naye kikosi kimoja. Barabara ya kwenda Kampala inapita pale katikati ya kinamasi, na usiku wa kwanza wa mapigano askari wetu wengi, hasa wanamgambo ambao hawakuwa wameonja vita, walishtukizwa na mizinga ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wakatawanyika kwenye matete. Baadhi walirudi nyuma hadi walipokuwa wahandisi. Baba, kwa maelezo ya mzee yule, aliingia kwenye maji mara nne usiku ule, na mara zote nne alitoka na mtu mgongoni. Wa mwisho alikuwa kijana mgambo aliyekwisha kukata roho njiani bila baba kujua. Asubuhi aliwazunguka watu akiuliza kijana yule anaitwa nani, nani ni ndugu yake, ametoka mkoa gani, na hakupata jibu. Mzee alipofika hapo alinyamaza kwa muda mrefu, mama akampa maji. Nasi tukajua kwa nini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baba alifungua redio asubuhi kusikiliza maadhimisho, akaketi wima mpaka yalipokwisha, kisha akaomba dua bila kutaja jina la mtu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na vita vikamalizika Juni, mpakani mwa Sudani. Baba akarudi Dar es Salaam kwenye nchi iliyoambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikazaa miaka ya foleni za sukari, sabuni na khanga. Alimwoa mama katikati ya dhiki hiyo. Mama anasema mahari yake ilijumuisha mche mmoja wa sabuni ya kufulia, na hajawahi kupewa zawadi iliyomfurahisha zaidi.

Nilipokuwa na miaka tisa alinipeleka mjini kuona Sanamu ya Bismini. Watu wengi wa Dar es Salaam wanapita pale Mtaa wa Samora kila siku bila kuinua macho, nami nisingeinua yangu kama asingenishika bega. Sanamu ile ya askari mwenye bunduki na singe iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina la Bismini linasemekana kuwa ni mabaki ya Wissmann, gavana wa Kijerumani ambaye sanamu yake ilisimama pale kabla. Mimi nilikuwa nimevutiwa na singe. Baba akaniambia niache singe, nisome chini. Maandishi yale yanawataja askari wenyeji waliopigana, kisha yanawataja wapagazi, ambao yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Alinisomesha sehemu hiyo mara mbili kwa sauti, watu wakitupita, halafu akaniuliza, "Umeona? Na wao wameandikwa."

Tukaenda kwa miguu hadi Kariakoo kununua viatu vya shule, na njiani akanieleza kwamba hata hilo jina la Kariakoo ni la wapagazi, kwa sababu kikosi chao, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, kilipigishwa kambi pale, na midomo ya watu ikalitengeneza jina mpaka likawa la soko. Walikusanywa kutoka kila upande wa nchi hii na nchi jirani, wakabebeshwa risasi, unga na majeruhi, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Sanamu ile imemweka juu mwenye bunduki peke yake. Mpagazi amepewa maandishi. Mpaka leo sijui kuingia Kariakoo, kwenye ile misukumano ya wachukuzi wanaopiga kelele za kuomba njia wakiwa na mafurushi kichwani, bila kumsikia baba akinisomea.

Mwaka 2003 daraja la Rufiji lilipofunguliwa, lile linaloitwa Daraja la Mkapa, alituomba nauli akaenda. Alikuwa amevuka mto huo maisha yake yote kwa mtumbwi na kwa pantoni ya Ndundu, na mara kadhaa aliwahi kulala ukingoni akisubiri pantoni iliyoharibika. Alishuka kwenye basi upande wa kaskazini na kutembea juu ya daraja lote, takribani mita 970, hadi ng'ambo, kisha akageuka akarudi. Kaka yangu aliyefuatana naye alisema kila baada ya hatua kadhaa alisimama kupapasa kingo za daraja kwa ule mkono wa kushoto.

Mwaka 2009 ulitukuta Mbagala. Tarehe 29 Aprili, siku ya Jumatano, mabomu ya ghala la kambi ya jeshi yalipoanza kulipuka mtaani kwetu, kila mtu alikimbia alikoelekea pua yake. Watu zaidi ya 20 walikufa siku ile, nyumba nyingi zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao kwenye Barabara ya Kilwa. Baba alikuwa na miaka 56. Alisimama uani kidogo akisikiliza, na nadhani alikuwa akipima umbali, kisha akaingia ndani akang'oa mlango wa chumba cha wageni kwenye bawaba zake. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja ambaye miguu ilikuwa imepooza, na wajukuu zake walikuwa shule. Baba aliwashika mikono vijana watano waliokuwa wakikimbia, mmojawapo hata hatukumfahamu, akawapanga watatu huku na watatu huku, yeye akiwa wa sita, wakamlaza bibi juu ya mlango. Nilikuwa nyuma yao na mtoto wangu mgongoni. Kishindo kilipiga, vigae vya kioo vikaanguka kutoka dirishani, na katika kelele zile nikamsikia baba kwa sauti yake ileile ya upole akiuliza, "Tayari?" Vijana wale walikuwa wakitetemeka. Hakunyanyua. Akauliza tena. Walipojibu wote watano, akasema, "Nyanyua," na tukatembea, hatukukimbia, mpaka Mtoni.

Bibi yule aliishi miaka sita zaidi. Mlango tuliurudisha, na una mkwaruzo mrefu upande wa chini ambao baba hakuruhusu upigwe rangi.

Uzee wake haukuwa mwepesi. Pensheni ilikuwa ndogo, na kuna kipindi ilisimama miezi kadhaa kwa sababu faili lake halikuonekana katika ofisi moja, akawa anakwenda alfajiri kupanga foleni na bahasha yake ya kaki, amevaa shati lililopigwa pasi, akirudi jioni bila jibu. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yake. Yeye alisema tu kwamba vijana wa pale dirishani wana kazi nyingi. Sikukubaliana naye wakati ule, wala sikubaliani naye sasa. Mtu aliyebeba nchi mabegani hakupaswa kuombwa athibitishe kwamba yu hai mara tatu kwa mwaka mmoja.

Kiharusi kilimpata mwaka jana baada ya mfungo, kikachukua upande wa kulia wote. Maneno hayakupotea yote, ila yalitoka mazito, mojamoja. Kaka yangu na mimi, pamoja na wanangu wawili wa kiume, tukaanza kujifunza kumwinua, kumgeuza ili asipate vidonda, kumtoa kitandani kumpeleka barazani kupata jua. Siku za kwanza tulimuumiza. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake, mmoja kwapani, mwingine miguuni, naye alikunja uso bila kulalamika. Asubuhi ya nne au ya tano aliinua mkono wa kushoto, ule wenye kidole kifupi, akatuzuia. Akamwelekeza kila mmoja pa kusimama. Akamgusa mwanangu mdogo magotini, kumwonyesha akunje magoti na si mgongo. Kisha akasema neno ambalo tulilitambua kabla halijamalizika kutoka. Tukamjibu wote. Akasema la pili. Akanyanyuka mikononi mwetu kama hana uzito.

Tulifanya hivyo kila siku kwa miezi kumi na moja. Wakati mwingine, jioni, akiwa amechoka kusema, alitugongea mbao ya kitanda kwa kidole, mara moja kwa swali na mara moja kwa amri, nasi tukajibu katikati.

Alifariki alfajiri, usiku wa kuamkia Ijumaa, na tukaamua azikwe siku hiyohiyo baada ya sala. Wanajeshi wastaafu wenzake walipata habari kwa simu. Walifika kidogo kidogo, wengine kwa bodaboda, wazee wa miaka sabini na kitu, wakaketi kwenye mkeka mmoja wakisoma Yasini. Sisi wanawake kwa desturi yetu hatuendi makaburini, hivyo kumuaga kwangu kulikomea mlangoni. Jeneza lilipokuwa tayari vijana wa mtaa walisogea kulichukua, maana ndio wenye nguvu, na kila mmoja alitaka kupata thawabu ya kumbeba Mzee Koplo. Yule mzee wa Kigamboni akaweka fimbo yake ukutani na kuwaomba wawapishe yeye na wenzake hatua chache tu, hadi barabarani, baada ya hapo watawaachia wao. Wakatoka sita. Watatu wakasimama huku, watatu huku, wakainama kwa magoti.

Nilikuwa nimejishika kwenye ule mlango wenye mkwaruzo. Uani palikuwa na watu wengi na palikuwa kimya. Mzee aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ng'ambo ya mto kuna anayesikiliza, "Tayari?"

Watano walimjibu. Na nyuma yangu, kutoka chumbani alikokuwa amekaa na mama, mwanangu mdogo naye akajibu.